Behewa la Mwisho Liliitwa Mbusa

Nilipofungua sanduku la bati la marehemu baba, kitu cha kwanza kilichonijia puani kilikuwa harufu ya mpunga. Sisemi wali. Nasema mpunga wa shambani, wenye maji ya mfereji na matope ndani yake. Tulikuwa Kasese mjini, kiangazi kimekaza, katika chumba ambacho dirisha lake linatazama stesheni isiyopokea treni tena, na mpunga haukuwa na shughuli yoyote pale. Nikatoa kanzu mbili, tasbihi, leseni ya udereva iliyokwisha muda, na chini kabisa nikakuta mfuko mweusi wa plastiki, kaveera kama tunavyoiita, umefungwa kwa kamba. Ndani mlikuwa na utepe wa kanda ya video, mrefu wa kutosha kuzunguka nyumba mara kadhaa, umeviringwa kwa mkono kwa subira kubwa.

Niliupapasa mpaka vidole vikakutana na fundo. Lilikuwa fundo la kitoto, la kufunga mara tatu kwa hofu, na nililifunga mimi. Nikakaa sakafuni, nikalia kuliko nilivyolia makaburini. Wanawake waliokuwa uani wakichambua maharage wakasema, mwacheni, ndiyo sasa uchungu wa baba yake umemfika. Sikuwaambia kwamba hata sikuwa nikimlilia baba.

Baba alikuwa dereva wa lori. Alipakia sabuni, chumvi na mabati ya wafanyabiashara wa Kasese, wengi wao Waislamu wenzake wa msikiti mmoja, akavipeleka Bwera, na kutoka Bwera akarudi na kahawa, vitenge na chochote Wakongo walichovusha mpakani siku ya soko. Siku moja alirudi na kamera ya video. Nilikuwepo alipoinunua, nimekaa kiti cha mbele nikitafuna muwa, na Mkongo aliyekuwa akiiuza aliishika kwa mikono miwili kama anayekabidhi mtoto mchanga.

"Papa, angalia, apareyi ya muzuri sana. Iko na batri mbili. Utapiga mariaje, utapiga bateme ya batoto kanisani, batu batakuita kila siku."

"Na treni inaweza kupiga?" baba akauliza.

Mkongo akamtazama, akanitazama na mimi, akacheka. "Treni? Treni itakupa nini, papa? Iko na bibi harusi?"

Baba alipiga harusi chache ili mama asimseme, na kila mara watu walilalamika kwamba bibi harusi anaonekana kidogo na barabara iliyo nyuma yake inaonekana sana. Moyo wake haukuwa huko. Moyo wake ulikuwa kwenye treni, na nyinyi wenzangu mliokulia kando ya reli hamtashangaa. Siku hizi nasikia wako watu duniani wanaosafiri kuifuata treni waipige video, wana jina lao na vikundi vyao, wanaoneshana walichokipata. Baba hakuwa na kikundi. Alikuwa na lori, kamera, mama na mimi, na mji mzima uliomwona amepungukiwa.

Aliitaka treni ile ile mahali pote inapopita. Aliipiga ikitoka stesheni asubuhi, milima ya Rwenzori nyuma yake, na mawingu yakiwa na huruma, theluji nayo iliingia. Aliipiga chini kule Mubuku, mabehewa yakipita nyuma ya mpunga mbichi hata ukadhani yanaogelea. Aliipiga kwenye kinamasi cha mafunjo, ambako huoni magurudumu wala reli, unaona kichwa cha injini tu kikitembea juu ya majani. Aliipiga kwenye nyasi kavu za mbuga, swala wakinyanyua shingo na kuendelea kula. Mara moja tulikwenda mbali, hadi kwenye vilima vya msitu upande wa Kamwenge, ambako treni ilisikika muda mrefu kabla ya kuonekana, na mvua ikatunyeshea sote. Mama alishika mwavuli juu ya kamera. Yeye na baba walilowa chepechepe wakicheka.

"Usipumue," baba aliniambia kila treni ilipokaribia, kwa sababu kamera ilinasa sauti. Nilijizuia mpaka macho yakanitoka. Hata leo nikisikia treni popote nilipo, naziba pumzi bila kutaka.

Siku moja darajani askari alitutokea vichakani, bunduki begani.

"Wewe! Weka chini hiyo kitu! Unapima daraja ya nani?"

"Afande, napiga treni tu."

"Treni inakuhusu nini? Leta hapa!"

Baba akamwekea kitundu cha kamera jichoni, akamrudishia picha ya treni iliyotoka kupita. Askari akaangalia, akaomba kuangalia tena. Kisha akaweka kofia yake sawa, akasimama kando ya reli, kifua mbele. "Sasa piga. Na mimi niingie." Mama alicheka njia nzima, mpaka akalazimika kuegemea mlango wa lori. Nakumbuka mkono wake ukigonga paja. Nikijaribu kuinua macho nione uso uliokuwa ukicheka, sioni kitu.

Mama alikuwa Mkonzo wa Mahango, kule juu mlimani. Kwa watu wake mtoto hupewa jina kwa zamu ya kuzaliwa. Mvulana wa kwanza ni Baluku, wa pili Bwambale, wa tatu Masereka, wa nne Kule, wa tano Thembo, wa sita Mbusa. Ukisikia mtu anaitwa Thembo unajua wako wanne waliomtangulia, huna haja ya kuuliza. Mama alitaka wavulana sita. Alinipata mimi, msichana mmoja, kisha tumbo likafunga. Majina yale alikuwa nayo na hakuna wa kuyavaa, basi akayapa mabehewa.

"Hesabu kaka zako," aliniambia kila treni ilipoingia, nami nikahesabu kwa kidole, Baluku, Bwambale, Masereka. Injini haikuwa na jina, kwa kuwa injini ndiyo iliyowazaa. Nilipokuwa mdogo kabisa treni ilikuja ndefu, majina yakaisha, na mabehewa ya nyuma tukayaita wageni. Kisha wageni wakaacha kuja. Nilipoanza shule yalibaki mabehewa sita kamili, matano ya mizigo na la mwisho la abiria. Hilo la abiria ndilo Mbusa, rangi imebabuka na madirisha hayafungi. Niliwapenda kaka zangu wote, lakini Mbusa ndiye aliyekuwa na watu ndani, na watu wale walinipungia mkono.

Mwaka ule ule mama akaugua. Kwanza miguu ilivimba, kisha akawa hawezi kupanda ngazi tatu za mlango wetu bila kushika ukuta. Ikaamuliwa aende hospitali Kampala, asindikizwe na shangazi yangu, dada wa baba. Baba akasema waende kwa treni kwa sababu lori lingemtikisa. Leo nadhani alitaka pia kumpiga video akiwa ndani ya treni. Sisemi kwa ubaya. Kila mtu ana namna yake ya kumsindikiza anayempenda.

Asubuhi ile aliweka kamera mwisho wa jukwaa, mimi nikiwa kando yake. Injini ikapita, akapita Baluku na wadogo zake, na Mbusa akaja mwisho. Mama alikuwa dirishani, kichwa kimefungwa kitambaa cha njano. Alipofika mbele yetu akatoa mkono wote nje, akapunga, akanitazama mimi na kusema kitu ambacho injini ilikifunika. Sikumjibu. Nilikuwa nimeziba pumzi nisiharibu kanda.

Wiki iliyofuata treni ilikuja na mabehewa matano. Nilihesabu mara mbili, nikadhani nimeruka mmoja. Wiki ya pili yalikuwa matano tena. Watu wa stesheni walikuwa wakisema abiria wamekwisha na lile behewa limeachwa Kampala, lakini hayo nilikuja kuyaelewa baadaye. Mimi nilichojua ni kwamba mama alipanda Mbusa, na Mbusa hayupo.

"Baba, Mbusa hakuja. Mama atarudi na nani?"

Nikaanza kulia mbele za watu. Baba hakuwa fundi wa kubembeleza. Alinishika bega, akainama, akaniambia maneno ambayo nimekaa nayo maisha yangu yote.

"Nyamaza. Mbusa iko ndani ya kanda. Na mama yako iko ndani. Mimi niliwafunga huko, hakuna mutu anaweza kuwatoa."

Alitaka nitulie, na nilitulia. Nilidhani nimemwelewa.

Kila jioni, kabla ya magharibi, aliunganisha televisheni ndogo na betri ya lori, akaweka ile kanda. Ilikuwa na kazi yake yote, mvua ya Kamwenge, mafunjo, askari na kifua chake, na mwisho kabisa stesheni ya siku ile. Mama alikuja, akapunga, akapita. Kesho yake alikuja, akapunga, akapita. Baba alisimamisha picha pale mkono ulipokuwa nje, na mama akabaki kwenye kioo anatetemeka, mistari myeupe ikimkata shingoni. Nilidhani anasikia baridi. Nilimwonea huruma.

Basi nikaanza kufikiri, na nilifikiri sana kwa umri wangu. Mtu hawezi kuwa huku na huko kwa wakati mmoja. Kama Mbusa yuko ndani ya kanda, hawezi kuwa relini. Kila jioni tulipokuwa tukimtazama mama, ndipo tulipokuwa tukimzuia. Sikumchukia baba. Nilimwona ni mtu aliyefunga mlango akasahau kwamba kuna mwenzake ndani, na kwa kuwa wakubwa hawapendi kusahihishwa, niliona ni kazi yangu.

Siku moja alirudi kutoka msikitini kabla ya wakati wake. Hakunitazama. Alisema anapeleka mzigo Bwera, atachelewa, na mimi nikakae Mubuku kwa mama mkubwa mpaka arudi. Mama mkubwa alikuwa dada yake mama, Mkristo, mkulima aliyekodi kipande cha mpunga kwenye mashamba ya umwagiliaji. Niliambiwa nifungashe nguo. Nikafungasha gauni mbili, na baba alipokuwa akipima oili ya lori, nikaweka na kanda katikati yake. Juu yake alikuwa ameandika kwa wino mwekundu: USIGUSE. Alinishusha barabarani pale Mubuku, akasema anageuza lori aelekee Bwera. Sikubaki kumwangalia akigeuza.

Sasa niwaambie kuhusu ndege wa Mubuku. Mpunga ukianza kuingia maziwa, punje zikiwa bado laini, wanakuja wengi, wadogo, na wana njaa isiyo na aibu. Wakulima wa pale walikuwa na ufundi wao. Walichukua kanda kuukuu, wakazivunja, wakatoa utepe na kuufunga kutoka mti hadi mti juu ya shamba. Jua likiupiga unang'aa, upepo ukiupiga unanguruma, na ndege wanakimbia. Msimu wa nyuma nilikuwa nimemuuliza mama mkubwa ni nini kinacholia vile.

"Hizi zilikuwa nyimbo ya kanisa," alinijibu, bila kuinua mgongo. "Upepo nayo inazitoa. Unasikia? Zinatoka kidogo kidogo mpaka ziishe."

Maneno yake nilikuwa nayo tayari. Ya baba yalipokuja juu yake, yakaingiana kama kufuli na ufunguo. Kilichofungwa ndani ya kanda hutolewa na upepo.

Mama mkubwa siku ile alikuwa si mzima. Alikaa jikoni, akipanga sufuria ambazo zilikuwa zimepangwa, na macho yamevimba. "Kuni ni mbichi," alisema nilipomtazama. Nikamwamini. Nilishukuru hata, kwa sababu mtu mwenye moshi machoni haulizi mtoto anakwenda wapi na kifurushi.

Nilichagua ukingo wa shamba ulio jirani na reli, ili wakitoka wasihangaike kutafuta njia. Nilivunja kanda kwa jiwe. Utepe ulitoka kwa urahisi mwanzoni, nikaupitisha mti wa kwanza, wa pili, wa tatu, nikirudi nyuma hatua kwa hatua ndani ya matope. Katikati ulikwama. Nikavuta, ukakatika mkononi mwangu. Nilipiga kelele ambayo mpaka leo sijui ilitoka wapi. Nikashika zile ncha mbili, sijui hapo alikuwa Kule au Thembo au mama mwenyewe, nikafunga, nikafunga tena, nikafunga mara ya tatu. Nikamalizia mti wa mwisho.

Ndipo upepo wa mlimani ukashuka. Utepe ukaanza kunguruma, sauti nene, ya chini, ile ile ya treni inapokuwa bado mbali. Nikaziba pumzi. Nilingoja pale mpaka jua likaegemea, na nilipoitwa kula nilikwenda kinyumenyume, macho yangu relini.

Kesho yake asubuhi nilikuwa ukingoni nikirusha udongo kwa ndege, nikasikia honi ya lori la baba. Ilitoka upande usio wake. Bwera iko ng'ambo ya Kasese, lakini lori lilikuja kutoka upande wa Fort Portal, ambako ndiko njia ya Kampala. Sikujiuliza. Nilikimbia mpaka barabarani. Baba alishuka, akanipita bila kunigusa, akaenda moja kwa moja kwa mama mkubwa aliyekuwa amesimama mlangoni na mikono kichwani. Kwenye kiti cha mbele nikamwona shangazi yangu, yule aliyekwenda na mama. Hapo nikaelewa upesi kuliko wote. Kama shangazi amerudi, mama naye amerudi.

Nikapanda tairi, nikashika ubao, nikachungulia. Mama alikuwa amelala juu ya godoro, amefunikwa shuka nyeupe mpaka juu, na kile kitambaa cha njano kimekunjwa kando yake.

"Amekuja!" nikapiga kelele kuelekea mashambani. "Mama mukubwa, amekuja! Ni mimi nimemutoa!"

Watu waliokuwa wameinama kwenye mpunga wakainuka, wanaume wakavua kofia. Nilikuwa nacheka. Naomba mnielewe, nilikuwa nacheka kwa furaha, meno yote nje, nimening'inia kwenye lori lile, na baba akageuka akanitazama. Nimesahau nyuso nyingi, hata ule nilioutaka kuliko zote. Uso wa baba wa asubuhi ile sijausahau.

Tulimzika alasiri hiyo hiyo. Watu walinishika, wakanipa uji, wakaniambia Mungu amempenda zaidi. Mimi nilijua kilichotokea na sikuwa na wa kumwambia. Nilimtoa kwa pupa, akakatika, nikamfunga vibaya. Leo mimi ni mtu mzima na hesabu naijua. Mama alifariki siku mbili kabla sijavunja ile kanda, habari ilimfikia baba msikitini, na baba hakwenda Bwera, alikwenda kumchukua. Hesabu hiyo nimeirudia mara nyingi, kila mara inatoka sawa, na hainisaidii kitu.

Matanga yalipokwisha, ndugu zake mama wa Mahango walikuja kumwomba baba jambo moja. Wengine walikuwa hawajamwona mama kwa miaka mingi, na picha ya karatasi ilikuwa moja tu, ya harusi, uso umeliwa na unyevu.

"Tunasikia iko kwa video, anatikisa mukono," kaka yake mkubwa alisema. "Utuonyeshe, shemeji. Tumuone mara moja tu."

Baba alifurahi. Ilikuwa mara ya kwanza watu kuja nyumbani kumwomba awaoneshe kanda yake. Akaleta betri, akaunganisha waya, akawapangia viti, akafungua kabati. Akafunga, akafungua tena. Akaangalia chini ya kitanda, nyuma ya televisheni, ndani ya viatu. Wageni wakatazamana, wakaanza kuangalia miguu yao.

"Kanda iko wapi?" alimuuliza kila mtu na hakumuuliza mtu.

"Iko Mubuku," nikasema.

Mvua ilikuwa imenyesha mara mbili tangu siku ile. Utepe ulikuwa bado juu ya mpunga, umepauka mahali jua lilipoukalia, umepakwa mavi ya ndege, sehemu nyingine umelala majini. Baba aliingia shambani na viatu vyake vya kwendea msikitini. Akafungua ncha kwenye mti wa kwanza, akaanza kuviringa kati ya kiganja na kiwiko, taratibu, akiupangusa kwa kanzu kila hatua. Mama mkubwa akaja mbio kando ya mfereji.

"Shemeji, acha! Ndege itamaliza mupunga! Si ni kanda tu?"

Baba hakugeuka. Mama mkubwa hakujua ni kanda gani, na hakuna aliyemwambia.

Alipofika kwenye fundo alisimama. Alilishika kwa vidole viwili. "Hapa ulifanya nini?"

"Ilikatika. Nikafunga, wasianguke."

"Nani wasianguke?"

Nikamweleza yote, kuanzia Baluku mpaka Mbusa. Kwamba mama alikuwa amefungwa ndani na alikuwa anatetemeka kwa baridi. Kwamba upepo unatoa. Kwamba nilichagua karibu na reli kwa makusudi. Alinisikiliza mpaka mwisho, maji yamefika magotini. Nilingoja kofi. Ningelitaka lile kofi. Badala yake alilitazama fundo na kuliambia lenyewe, kwa sauti ya chini:

"Ni mimi nilisema."

Akaendelea kuviringa. Hatukuzungumza habari hiyo tena. Hakuwahi kuniambia kwamba si kosa langu, na mimi sikuwahi kumwambia kwamba si kosa lake. Nyumba ilikuwa na watu wawili, kila mmoja ameshika neno ambalo mwenzake alilihitaji, tukala nalo, tukalala nalo, nikaolewa nikamwachia la kwake, na sasa amekufa nalo.

Kamera aliirudisha Bwera, ikaondoka na mpiga video wa harusi. Treni nayo ikaendelea kupungua. Thembo aliacha kuja, kisha Kule. Siku moja injini ilikuja peke yake bila mtoto hata mmoja, ikakaa stesheni kidogo, ikarudi ilikotoka. Watu walijaa jukwaani kuitazama, wengine wakiuliza baba yuko wapi siku kama hiyo. Alikuwa ndani, amefunga dirisha.

Baada ya kufungua lile sanduku nilipeleka utepe kwa fundi mzee wa televisheni pale mjini. Aliushika kwenye mwanga, akauvuta kidogo, akatikisa kichwa.

"Madamu, hii imekwisha. Imekula jua, imekula maji. Hata nikipata mashine, utaona mistari kama mvua tu."

"Hata sura moja?"

"Hata kivuli."

Nikamshukuru. Sijui nilitegemea nini. Nikapanda gari mpaka Mubuku, kaveera mapajani, na nikamkuta mama mkubwa bado anakodi kipande kile kile, mgongo umekataa kunyooka. Reli imemezwa na majani, lazima ujue ilipo ndipo uione. Alifungua mfuko, akaangalia ndani, uso ukamchangamka.

"Umeleta kanda? Muzuri sana, mutoto yangu. Ndege ya mwaka hii iko mingi."

Sikumwambia ni kanda gani. Tuliifunga pamoja, mti hadi mti, kwenye ukingo ule ule. Fundo langu likakaa katikati ya shamba. Upepo ulipokuja ulikuja kutoka mlimani kama zamani, na utepe ukanguruma, treni ikiwa bado mbali. Nikaziba pumzi. Ndege wakaruka wote kwa pamoja. Nikangoja. Hakuja mtu.